Mume na mke, mwisho wa juma mmoja Sun City: je, safari kutoka Lubumbashi inafaa?

Mama wa Bel-Air ameuliza:

Ndugu zangu, ninawasalimu nyote. Mwezi wa nane mimi na bwana yangu tutatimiza miaka 10 ya ndoa. Yeye anafanya kazi katika mgodi upande wa Kolwezi, anakaa huko majuma mfululizo, na anaporudi nyumbani Lubumbashi nyumba hujaa wageni, watoto wanamvuta huku, wazazi wanamwita kule, hata sisi wawili hatupati saa moja ya kuzungumza bila mtu kupiga hodi. Kwa hiyo nimeweka pembeni fedha ya likelemba, yaani mchango wetu wa zamu, ya mwaka huu, na tumekubaliana kuondoka kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, bila watoto. Yeye amependekeza Sun City, mji wa mapumziko wa Afrika Kusini wenye hoteli na kasino (nyumba ya kamari), kwa sababu wenzake wa kazi wanaisifu sana.

Ninaomba kujua kwanza kama siku tatu zinatosha kwa safari ya namna hiyo. Lakini jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni kasino. Bwana yangu si mcheza kamari wa kila siku. Ni mtu ambaye akianza jambo hapendi kuliacha kabla hajashinda, na mimi sitaki fedha niliyoitoa kidogo kidogo mwaka mzima iishie mezani usiku wa kwanza. Wala sitaki kusimama nyuma yake kumchunga, kwa maana hapo hakuna atakayepumzika kati yetu. Waliokwenda huko wakiwa wawili, mlipatanaje juu ya jambo hilo?

Yaya wa Kampemba amejibu:

Mama, hongera kwa miaka 10, na Mungu awazidishie. Niliishi Johannesburg kabla ya kurudi kwetu, na Sun City nimekwenda na mume wangu, kwa hiyo nitakueleza ninayoyafahamu.

Anza na viza, maana ndiyo itakayoamua kama safari ipo au haipo. Mwenye paspoti ya kawaida ya Kongo haingii Afrika Kusini bila viza, na watakudai karatasi nyingi: hati za benki, barua ya mwajiri wa bwana yako, uthibitisho wa hoteli, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Kama paspoti yako bado ina jina la ukoo wenu tu, ongeza nakala ya cheti cha ndoa. Usilipie kitu ambacho fedha yake hairudishwi kabla viza haijatoka. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni lazima kwa mtu anayetoka Kongo.

Ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, hadi uwanja wa O. R. Tambo wa Johannesburg huchukua takriban saa mbili na nusu, na saa za huko ni zile zile za Lubumbashi. Kutoka uwanjani mnabaki na mwendo wa saa mbili au zaidi kidogo kwa gari, kuelekea kaskazini-magharibi, mkipita upande wa Rustenburg penye migodi ya platini. Magari ya huko hupita upande wa kushoto. Bwana yako amezoea upande wa kulia, basi asiendeshe usiku, akiwa amechoka, katika barabara asiyoijua; agizeni gari lenye dereva kupitia hoteli. Mkitoka Lubumbashi mchana, Ijumaa yenu yote imekwisha njiani, na ni heri mlijue hilo mapema kuliko kulitambua mkiwa na tiketi mkononi.

Kuhusu mahali pa kulala, nina maoni ambayo yanagusa moja kwa moja wasiwasi wako. Ndani ya Sun City kuna hoteli kadhaa. Ile inayoitwa Soho ndiyo iliyo karibu zaidi na meza za kasino, na mtu akilala hapo anashuka tu akafika. Kwa watu wawili katika hali yenu ningechagua Cascades, au Cabanas kama mnataka kupunguza gharama, kwa sababu kutoka huko mtu anapaswa kuamua kwamba anakwenda kucheza, avae viatu, atoke nje na kutembea. Mwendo huo mfupi husaidia sana. The Palace of the Lost City, yaani Kasri la Mji Uliopotea, iliyofunguliwa mwaka 1992, ni ya fahari kubwa na bei yake pia ni ya fahari. Si lazima mlale humo ili muione kwa nje. Karibu nayo kuna daraja lenye sanamu za tembo pande zote mbili, ambalo kwa nyakati zilizopangwa hunguruma na kutikisika chini ya miguu kana kwamba ni tetemeko la ardhi. Hadithi ya mji uliopotea, iliyoipa hoteli hiyo jina, imebuniwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, lakini daraja lilipoanza kutetemeka nilishika mkono wa mume wangu kwa nguvu, naye hakuuachia mpaka tulipofika ng'ambo.

Mwezi wa nane baridi ya kule bado haijaisha, hasa asubuhi na usiku. Yale mabwawa ya mawimbi ambayo watu hupiga picha zake yamejengwa kwa ajili ya joto, hivyo msiyategemee. Utajiri wa mwezi huo uko katika hifadhi ya Pilanesberg, ambayo inapakana na Sun City: nyasi zimekauka na kuwa fupi, wanyama hukusanyika kwenye maji, na wao huonekana kwa urahisi kuliko wakati wa mvua. Eneo lenyewe ni mabaki ya volkeno iliyozimika zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na malaria haipo. Ombeni gari la alfajiri, mvae makoti mazito, kofia na hata glavu, kwa sababu magari ni ya wazi na upepo wa saa kumi na mbili asubuhi unakata. Kando ya bwawa la Mankwe kuna kibanda cha mbao cha kutazamia wanyama, ambamo watu hukaa kimya au hunong'ona, simu zikiwa zimezimwa sauti, mpaka kiboko ainue kichwa au tembo ashuke kunywa. Mama, kama unatafuta mahali ambapo mume aliyechoka huanza mwenyewe kuzungumza mambo yaliyokuwa moyoni mwake, nenda naye pale na msiwe na haraka ya kuondoka.

Mwalimu wa Katuba amejibu:

Yaya amekwisha kusema yote ya njia, nami nitasema ya mezani tu, kwa sababu ninafundisha hesabu na ninaona watu wengi wakiingia katika kamari bila kuelezwa inavyofanya kazi.

Chukua mchezo wa rulete, ambamo mpira mdogo huzungushwa ndani ya gurudumu lenye namba. Gurudumu lenye sifuri moja lina nafasi 37, yaani 0 hadi 36. Ukiweka rand moja (fedha ya Afrika Kusini) juu ya kila namba, umetoa rand 37. Mpira utatua kwenye namba moja, nao watakulipa 35 pamoja na kukurudishia ile moja yako, jumla 36. Rand moja imebaki kwao, na haikubaki kwa wizi wala kwa bahati mbaya. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Hiyo moja katika 37 ni asilimia 2.7 ya kila dau, uweke kwenye namba au kwenye rangi, maana namba 18 ni nyekundu na 18 ni nyeusi, na rangi ikitoka hulipa sawa na dau. Gurudumu lenye sifuri mbili lina nafasi 38 na malipo ni yale yale, kwa hiyo sehemu ya wenye nyumba hupanda hadi asilimia 5.26. Bwana yako alitazame gurudumu kabla ya kukaa, na likiwa na sifuri mbili apite.

Mtu akiweka rand 50 kwenye nyekundu mara 30, ameweka jumla ya rand 1,500, na kwa wastani atapoteza takriban rand 40. Kiasi hicho ni kidogo, lakini wastani si ahadi: siku moja atatoka na faida, siku nyingine mfuko utakuwa mtupu. Kinachoongeza hasara ni muda na haraka. Mezani mchezeshaji hukusanya jetoni (vipande vinavyotumika badala ya fedha), hulipa washindi, husubiri watu waweke, ndipo azungushe tena. Mashine za kamari hazisubiri mtu. Kidole kimoja kinaweza kuzicheza mara nyingi sana kwa saa moja, na ndiyo maana ninaziogopa kuliko meza.

Kwa hiyo, Mama, msizungumze juu ya kushinda au kushindwa. Zungumzeni mkiwa bado nyumbani juu ya bei ya jioni hiyo, kama mnavyokubaliana juu ya bei ya chakula cha usiku, na fedha hiyo mhesabu kwamba imekwisha kutumika. Aibebe taslimu, na kadi ya benki ibaki katika sanduku la chumbani. Akitoka na kitu, ni zawadi. Isipobaki hata rand moja, hamjapoteza kitu ambacho mlikuwa hamjakitoa.

Mzee wa Makomeno amejibu:

Wanangu, ninaongeza jambo moja ambalo vijana hawalijui, na ambalo litamsaidia Mama kuamua.

Kwa nini mji wa kamari ulijengwa porini? Chini ya utawala wa ubaguzi, kasino zilikatazwa Afrika Kusini, lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa imekata vipande vya nchi na kuviita mataifa huru ya watu weusi. Kimojawapo kilikuwa Bophuthatswana, kilichotangazwa huru mwaka 1977 na kutotambuliwa na ulimwengu. Huko sheria ya kamari ilikuwa nyingine, na mfanyabiashara Sol Kerzner akafungua Sun City mwaka 1979, mahali ambapo watu wa Johannesburg na Pretoria wangeweza kufika kwa gari. Waimbaji wakubwa wa dunia walilipwa fedha nyingi kuimba pale, na mwaka 1985 wasanii wengine wengi wakatangaza hadharani kwamba hawatakanyaga. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na ninaheshimu waliokataa. Mwaka 1994 eneo hilo lilirudishwa ndani ya Afrika Kusini mpya, na leo ninaona kwamba mtu anaweza kwenda pale bila kujilaumu, ila aende akijua.

Sasa jambo la maana kwenu ni hili: tangu sheria ya mwaka 1996 kasino zimeruhusiwa nchini kote, na Johannesburg ina kadhaa. Emperors Palace iko jirani kabisa na uwanja wa O. R. Tambo, ina hoteli na meza zile zile. Kama bwana yako anataka rulete, hana sababu ya kukaa garini saa mbili kuifuata. Mwende Sun City kwa ajili ya yale ambayo kasino ya mjini haiwezi kuwapa: mbuga, ukimya, matembezi. Kama hayo hayamvutii, laleni karibu na uwanja, mwokoe saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi.

Na ikiwa mtu anaijua nafsi yake kwamba hawezi kujizuia, sheria ya mwaka 2004 ya Afrika Kusini inamruhusu aombe mwenyewe kuandikwa ili kasino zimzuie kuingia. Kuna mdogo wangu ambaye ningempeleka mimi mwenyewe kuandikwa, lau angekuwa anaishi huko. Sisemi kwamba bwana yako yuko hivyo, binti yangu.

Mama wa Bel-Air ameandika tena:

Nawashukuru sana, Yaya, Mwalimu, na wewe Papa wa Makomeno. Nimemsomea bwana yangu majibu yenu yote kwa simu, naye amesikiliza bila kukasirika. Neno la Papa kuhusu mbuga na kasino ndilo lililomgusa: alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba anataka kuona tembo na mimi, na kwamba meza angependa kuzijaribu jioni moja tu. Tumekubaliana rand 1,500 kwa jioni hiyo, na kadi ibaki chumbani.

Yamebaki mawili. Mwenzake wa kazini amemfundisha kuongeza dau maradufu kila anaposhindwa, akisema kwamba mwisho nyekundu lazima itoke na fedha yote itarudi. Je, ni kweli? Tena ninataka kujua kama Jumapili tutaweza kwenda mbugani alfajiri na bado kuwahi ndege.

Mwalimu wa Katuba amejibu:

Nyekundu itatoka, lakini haijaahidi kutoka kabla fedha yake haijakwisha. Ahesabu pamoja nami: anaanza na 50, anashindwa, 100, anashindwa, 200, anashindwa, 400, anashindwa. Zimekwenda 750, amebaki na 750, na dau la tano linalohitajika ni 800. Mpango umefia hapo. Kushindwa mara nne mfululizo si ajabu, kwa kuwa nafasi 19 kati ya 37, yaani nyeusi 18 na sifuri, ziko kinyume chake kila mara. Hutokea takriban mara 1 katika kila majaribio 14, na katika jioni ndefu majaribio ni mengi. Akifaulu, faida yake ni rand 50 tu. Aweke dau lile lile dogo kila mara, naye atakaa mezani muda mrefu zaidi kwa fedha ile ile.

Yaya wa Kampemba amejibu:

Mama, Jumapili msijaribu. Gari la mbugani alfajiri hurudi baada ya saa mbili na nusu au tatu, kisha kuna kuoga, kula, kufunga mizigo, saa mbili za barabara, na uwanjani mnatakiwa mapema kwa safari ya kimataifa. Mbuga iwe Jumamosi alfajiri, kasino iwe Jumamosi jioni, na Jumapili mle kifungua kinywa taratibu na kuondoka. Kama bwana yako anaweza kuomba Jumatatu kazini, nunueni tiketi ya Jumatatu, mpate Jumapili nzima ya bure. Kwa maoni yangu siku hiyo moja ya nyongeza ina thamani kuliko chumba cha The Palace. Na mnunue hukohuko kichwa cha umeme cha pini tatu kubwa za mviringo, kwa sababu chaja zetu nyingi haziingii katika soketi zao.