Mjadala: Tupanue tena mitambo ya maji ya Ruvu, au tuanze na mabomba?

Mtoa mada: Ndugu wachangiaji, hoja yangu ni kwamba fedha zijazo za maji ya Dar es Salaam zisiende kwenye upanuzi mwingine wa mitambo kabla mabomba hayajashughulikiwa. Ruvu Chini ilikwisha kupanuliwa, kwa ufadhili wa Marekani, kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu, kwa mkopo wa India, kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Hata hivyo, mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 jiji liliingia kwenye mgao, kwa sababu mitambo yote miwili inategemea mto huohuo. Isitoshe, maji mengi hupotea njiani yakiwa yamekwisha kula dawa na umeme. Bwawa la Kidunda, la mto huo kule Morogoro, likikamilika na kuhifadhi maji ya masika, hapo tuzungumze upanuzi.

Mchangiaji wa kwanza: Kuhusu mabomba sina ubishi, ila mtoa mada anachukulia kwamba kuboresha mtambo ni kuongeza lita tu. Mvua kubwa zikinyesha Morogoro, Ruvu huja na tope la rangi ya chai ya maziwa. Dawa ya kugandisha tope huongezwa, machujio ya mchanga huziba mapema, na kuyaosha nako hutumia maji yaleyale yaliyokwisha kusafishwa. Tunachohitaji ni machujio ya akiba, ili upande mmoja uzimwe kwa matengenezo huku mwingine ukiendelea kusukuma maji.

Mchangiaji wa pili: Ni rahisi kusema tusubiri bwawa ukiwa na tenki kubwa uani. Mpangaji wa Kimara, huku mlimani, hununua maji ya boza kwa dumu, na mtambo ukizimwa kwa siku moja yeye hukaa bila maji zaidi ya siku hiyo, kwa kuwa mabomba hujaa kwanza mabondeni.

Mtoa mada: Machujio ya akiba nayakubali, kwa sharti kwamba mkataba wa kazi utaje saa ambazo mtambo unaruhusiwa kuzimwa, na kwamba taarifa kwa wananchi ieleze maji yatarudi lini Kimara, si lini pampu zitawashwa Ruvu. Kuhusu kuongeza lita, bado napinga.