Nina miaka 48: nikimbie alfajiri au niingie jimu? Ushauri tafadhali

Mzee wa Kikokotoo (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mtumishi, miaka 48, nipo Dodoma tangu serikali ilipohamia huku, familia iko Morogoro. Maisha ya kapera wa kulazimishwa mnayajua: asubuhi chai na chapati mbili ofisini Mtumba, saa nne vitafunwa vya kikao, mchana sahani ya wali kwa mama lishe, jioni chipsi mayai kwa sababu jiko langu nalipita tu nikielekea bafuni. Nikafika kilo 97. Kufunga kamba za viatu nahema.

Nikaamua. Nimeacha sukari, soda na mkate. Nakula mlo mmoja tu kwa siku, saa nane mchana, imetoka hiyo. Saa kumi na moja alfajiri naamka nakimbia kutoka Ipagala kuelekea Nyerere Square na kurudi. Sasa hivi nina kilo 86, na watu ofisini wananiuliza siri.

Shida iliyopo, alfajiri nikiwa njiani nguvu zinakata ghafla. Mikono inatetemeka, jasho jembamba la baridi, macho yanaingia giza. Juzi nilijikuta nimekaa kwenye ukingo wa mtaro, sikumbuki nilivyofika pale.

Swali langu ni moja: niendelee kukimbia au nihamie jimu ninyanyue vyuma? Sina ugonjwa wowote. Matusi sitaki, nina watoto wakubwa.

Chuma Ulete
Jimu mkuu, wala usijiulize. Kukimbia bila vyuma ndiko kunakofanya watu wapungue wabaki na shingo za kuku. Umri huu misuli inaondoka yenyewe, usipoilazimisha kubaki unakuwa umepunguza nyama ukaacha mafuta. Hata Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, PAMOJA na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Watu wanasoma mstari wa kwanza wanafunga ukurasa.

Mimi nilianza na miaka 44, siwezi kupiga pushapu hata moja ya maana. Leo nabeba mfuko wa saruji mpaka ghorofa ya pili na fundi ananiangalia kwa adabu. Hiyo stori nitaileta siku nyingine, ina uzi wake.

mlenda_kwanza
Umehamia Ugogoni halafu unakula chipsi? Hapo hapo ulipo kuna ugali wa uwele, mtama, mlenda, vyote vya kienyeji. Babu yangu kule Mpwapwa alifika uzeeni hajui presha wala kitambi, na alikuwa anafuata ng'ombe kwa miguu kutwa. Chipsi mmeleta nyie wa kuja.

Mama Wawili
Kaka yangu, nisamehe. Shida yako si mazoezi. Mwanaume wa miaka 48 anaishi peke yake mkoani, mke yuko Morogoro, unategemea utakula nini kama si chipsi? Mhamishie mkeo huko. Hizo kilo zingine zitaondoka zenyewe, na mambo mengine yatakaa sawa ambayo hukuyaandika.

Baba Jojo
Mama Wawili umemaliza. Mambo mengine ambayo hukuyaandika 😂😂 Mzee wa Kikokotoo njoo ujibu.

nesi_wa_zamu
Mleta uzi, kabla ya jimu na mlenda, nijibu haya. Ukitetemeka hivyo, kinachokutuliza ni nini, kupumzika au kula? Umewahi kupima sukari na presha? Na kuna dawa yoyote unameza, ya aina yoyote?

Mzee wa Kikokotoo
Asanteni wote. Mama Wawili, mke wangu ana kazi yake, hilo tuliache.

Nesi, siku ile ya mtaroni vijana wa bodaboda walininywesha soda, nikapata nafuu ndani ya dakika chache. Nilijisikia vibaya kwa sababu soda nilikuwa nimeapa. Dawa ni vidonge vya kawaida tu.

nesi_wa_zamu
Vidonge vya kawaida vina majina. Andika majina.

Chuma Ulete
Kama ni panado mwambie aendelee na jimu.

Mzee wa Kikokotoo
Nesi mbona kama polisi. Ni metformin na glibenclamide, asubuhi na jioni. Sukari niligundulika miaka minne iliyopita, lakini imeshakaa sawa, ndiyo maana sikuiandika. Asubuhi inasoma 5, mara 4 na pointi. Zamani ilikuwa 13. Sasa mtu ambaye sukari yake ni 5 ana ugonjwa gani? Mimi hesabu yangu ni kumalizia vidonge vilivyobaki kisha naachana navyo kimyakimya. Niliuliza jimu au kukimbia, naomba turudi kwenye swali.

nesi_wa_zamu
Hatutarudi. Swali umeshalijibu mwenyewe na hujui.

Metformin peke yake ni nadra kukushusha hivyo. Glibenclamide ndiyo inayokuangusha. Inalisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama umekula. Wewe unakula saa nane mchana, jioni unaimeza juu ya tumbo tupu, unalala nayo, saa kumi na moja unatoka kukimbia ukiwa na karibu saa kumi na tano bila chakula. Misuli inavuta sukari, insulini inavuta sukari, akiba haipo. Kilo 11 umeshapunguza lakini dozi ni ile ile ya kilo 97. Unaelewa hapo?

Ulishawahi kupima wakati unatetemeka?

Mzee wa Kikokotoo
Mara moja nilikuwa nyumbani. Ilisoma 2.9. Nilidhani betri ya mashine imekwisha.

nesi_wa_zamu
Betri!

Chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa hizo ni dharura ndogo, 2.9 ni dharura kubwa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe hapo hapo, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni. Na kama mtu amepoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Hao vijana wa bodaboda walikuokoa kwa bahati.

Usikimbie kesho. Nenda kliniki kesho na daftari lako.

Bi Nuru wa Ngamiani
Anachosema nesi nimekiona ndani ya nyumba yangu. Mume wangu miaka ya nyuma alifunga Ramadhani na vidonge hivyo hivyo, akavimeza wakati wa daku kama siku zote, maana alisema dawa haina likizo. Alasiri anaongea maneno hayaeleweki, sisi tunadhani ni hasira za njaa, shemeji yangu anamcheka. Kumbe sukari imekwisha. Tulimfuturisha kwa nguvu na maji ya tende kabla ya adhana, mama mkwe analia anasema tumemvunjia saumu. Mwaka uliofuata daktari alimpangia dawa upya kabla mwezi haujaandama, ile ya nguvu ikahamia futari. Na tena, mihogo ya nazi nilimpunguzia mimi mwenyewe bila daktari. Baba nenda hospitali.

mlenda_kwanza
Ndiyo maana nasema uwele. Hauna sukari.

nesi_wa_zamu
Uwele ni wanga, ndugu. Una nafuu kuliko sembe iliyokobolewa, ila ukijaza sahani unapandisha sukari kama kawaida. Mlenda kula utakavyo.

Mbeba Maboksi
Niko Uingereza, nafanya kazi ya kulea wazee. Wakuu msimkatishe tamaa jamaa, anachosema kipo. Huku ulifanyika utafiti unaitwa DiRECT, matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka 2017. Watu wenye sukari ya aina ya pili ya chini ya miaka sita walipewa mlo wa kalori chache sana, karibu nusu yao baada ya mwaka sukari ikawa imelala bila dawa. Na waliopungua kilo 15 na zaidi walikuwa wengi zaidi waliofanikiwa.

Mzee wa Kikokotoo
MNAONA? Asante Mbeba Maboksi. Mimi nina miaka minne na nimeshapungua 11, zimebaki 4. Hospitali hawawezi kukuambia haya. Kaka yangu alianza na vidonge, wakamhamishia sindano, mwisho wakamkata mguu, tukamzika. Vidonge ndivyo vilivyommaliza, niliona kwa macho yangu. Mimi sitaki kuingia kwenye hiyo njia.

Mbeba Maboksi
Mkuu ngoja, sikumaliza. Wale dawa zao za sukari zilisimamishwa na madaktari siku ile ile walipoanza mlo, kwa sababu hii anayoisema nesi. Halafu wakawa wanafuatiliwa mwaka mzima. Wewe umechanganya vyote viwili, mlo mkali na dawa kamili, na mfuatiliaji ni bodaboda.

nesi_wa_zamu
Pole kwa kaka. Mguu huwa unaondoka kwa sukari iliyokaa juu miaka mingi, mishipa inaziba, nyayo zinakufa ganzi, mtu anakanyaga msumari hajui. Vidonge vilikuwepo chumbani wakati hayo yanatokea, ndiyo maana vinabeba lawama.

Sungusungu
Wazee samahani, nimesoma uzi wote taratibu. Posti ya kwanza: "Sina ugonjwa wowote." Sasa hivi: sukari miaka minne. Posti ya kwanza hakumbuki alivyofika mtaroni, baadaye anakumbuka soda na bodaboda. Mtu amezimia Dodoma alfajiri, simu haijaibiwa, viatu anavyo. Akaunti imefunguliwa mwezi uliopita. Hii ni chai, stori ya kutunga, na kwa kuwa mwenyewe ameacha mkate, ni chai kavu. Subirini, kesho ataleta namba ya dokta wa mizizi aliyemponya.

Baba Jojo
Chai ya rangi mkuu 😂 Na mimi nilikuwa nashangaa, mtumishi gani anaitwa Mzee wa Kikokotoo na hajalalamikia kikokotoo cha pensheni mpaka sasa.

Chuma Ulete
Duh, hata mimi nilishamwandikia ratiba ya wiki nzima nataka kumtumia. Mleta uzi tupia picha ya daftari la kliniki, funika jina.

Mama Wawili
Inawezekana hata mke hana.

Mzee wa Kikokotoo
Sungusungu, Dodoma si Kariakoo, bodaboda wa kijiweni kwetu wananijua. Habari za soda nilisimuliwa na wao, tatizo liko wapi?

Sukari sikuandika kwa sababu nawajua. Mtu akisema ana sukari, watu wanaacha kumjibu swali, wanaanza kumpa pole. Ofisini hawajui. Mke anajua ninayo, hajui nimebadilisha ulaji. Tumejiandikisha kikundi kwenda Kilimanjaro Marathon, nusu marathoni, kilomita 21, bosi ndiye nahodha. Nimeshalipa. Nikitoka sasa hivi nitasema nini? Daftari sitapiga picha, siuzi kitu hapa.

Sungusungu
Na marathoni tena! Yaani kila tukimkaba anatoa kipande kipya. Mwandishi mzuri huyu.

Bi Nuru wa Ngamiani
Mwanangu Sungusungu, mume wangu mimi aliwaficha ndugu zake miaka saba. Kutoa kipande kipande ndivyo wagonjwa wanavyozungumza.

nesi_wa_zamu
Kama ni chai, nimepoteza bando. Kama si chai, kuna kilima cha kupanda kuelekea Mweka kwenye hizo 21, na mtu anataka kukipanda na glibenclamide tumboni. Mimi nachagua kupoteza bando.

Chuma Ulete
Sawa, lakini ratiba yangu ya jimu isipotee, nitaiweka hapa kwa faida ya wengine. Jumatatu miguu...

Baba Jojo
Hakuna aliyekuuliza kaka.

Mzee wa Kikokotoo
Narudi na mrejesho, na Sungusungu asome vizuri. Nimekwenda kliniki. Daktari aliposikia 2.9 aliweka kalamu chini. Ameiondoa glibenclamide yote, ameacha metformin, nipime asubuhi na kabla ya kulala niandike, nirudi baada ya wiki mbili. Akanivua soksi akanigusagusa nyayo na kijiuzi cha nailoni huku nimefumba macho, nahisi kote. Macho amenipa barua ya rufaa. Kuacha dawa zote hakukataa, alisema tutazungumza vipimo vikituruhusu, si mimi kujiamulia chumbani. Mlo mmoja kaupiga marufuku kwa sasa, chakula cha jioni kimerudi hata kama ni tembele na maharage. Sikubaliani naye kwenye hilo, ila nimenyamaza.

Mazoezi: kutembea kwa haraka jioni baada ya kula, na vyuma vyepesi. Chuma Ulete leta hiyo ratiba. Mbio kasema ndefu niziache kwanza. Nikamwambia nimelipia, akaniuliza kama nimelipia na jeneza.

Chuma Ulete
Nilisema tangu posti ya kwanza. JIMU.

Sungusungu
Bado nasubiri namba ya dokta wa mizizi.

mlenda_kwanza
Tembele nalo ni mboga ya kuja. Na kikundi cha ofisini umewaambiaje?

Mzee wa Kikokotoo
Nimewaambia goti. Nitaingia kwenye ile ya kilomita 5 natembea na watoto wa wafanyakazi wenzangu. Bosi kaniangalia, hajasema kitu. Ila kuna fulana ya kikundi, mpya kabisa, haijavaliwa, imeandikwa 21 KM mgongoni. Siwezi kuivaa. Kuna anayehitaji?

mlenda_kwanza
Saizi gani?

Mzee wa Kikokotoo
XXL. Waliagiza nikiwa bado na kilo 97.

mlenda_kwanza
Nitalimia nayo. Bei?