Nurse Corps, PSLF au ajensi: nesi mwenye mkopo wa masomo Marekani ashike lipi?

nesi_wa_usiku
Wadau, habari za majukumu. Mimi ni RN (nesi aliyesajiliwa) hapa Marekani, nina grini kadi, nafanya kazi hospitali isiyo ya faida, zamu tatu za saa 12 kwa wiki. Deni langu la masomo ni kama dola 50,000. Sehemu kubwa ni mkopo wa serikali kuu, ile inayoitwa Direct, na iliyobaki nilikopa benki wakati namalizia BSN, shahada ya uuguzi. Nikishalipa nyumba na kutuma nyumbani, kinachobaki kinamalizwa na riba.

Sasa nina njia tatu mbele yangu. Nikibaki hapa nilipo, nahesabu miezi ya PSLF, ule mpango wa serikali kuu wa kuwafutia mkopo wanaofanya kazi za utumishi wa umma. Kuna kliniki ya vijijini inanitaka, na wenyewe wanasema manesi wao huomba Nurse Corps, mpango wa serikali wa kuwalipia manesi mikopo ya masomo. Halafu kuna ajensi inataka niwe nesi wa kusafiri, hela ni nzuri, nilipe deni mwenyewe. Waliopitia haya naomba mnieleze. Nimesoma tovuti za serikali mpaka macho yameuma, lakini nataka kusikia watu.

MamaTumaini
Mdogo wangu, pole na hongera. Nurse Corps nimeitumikia, kwa hiyo naisema ninavyoijua.

Inasimamiwa na HRSA, wakala wa afya wa serikali kuu. Inalipa asilimia 60 ya deni lako la masomo ya uuguzi kwa utumishi wa miaka miwili. Ukikubaliwa kuongeza mwaka wa tatu, inalipa asilimia 25 nyingine ya deni lile la mwanzo. Kwa deni lako ni dola 30,000, kisha 12,500. Mkopo wa benki nao unahesabiwa mradi uwe wa masomo ya uuguzi, na hapo PSLF haifikii. Grini kadi inatosha, si lazima uwe raia.

Lakini soma na upande wa pili. Fedha hizo zinakatwa kodi kabla hazijakufikia, kwa hiyo usipige hesabu ya 30,000 kamili. Lazima kituo chako kiwe kwenye eneo lenye uhaba linalotambuliwa na HRSA, na ufanye kazi angalau saa 32 kwa wiki. Na kuomba siyo kupata. Wanatanguliza wenye deni kubwa likilinganishwa na mshahara wao, wanaangalia pia alama ya uhaba ya kituo, na bajeti ikiisha imeisha. Nawafahamu manesi wazuri kabisa waliokosa.

Kwa hiyo usiende kijijini kwa sababu ya Nurse Corps peke yake. Nenda kama ungekubali kuishi na kufanya kazi pale hata ukinyimwa.

Rehema_PSLF
Naunga mkono hapo mwisho. Nami niseme juu ya PSLF, maana watu wengi bado wanaiogopa kwa sababu ya habari za miaka ile ya kwanza, watu walipokuwa wanakataliwa kwa wingi.

Ni sheria ya mwaka 2007. Unalipa mara 120 ukiwa unafanya kazi muda kamili, yaani saa 30 au zaidi kwa wiki, kwa serikali au shirika lisilo la faida la aina ya 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi. Si lazima miezi ifuatane. Ukitimiza, deni la serikali lililobaki linafutwa, na serikali kuu haikutozi kodi kwa kilichofutwa. Hakuna ushindani na hakuna bajeti ya kuisha. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwangu: Nurse Corps unaomba, PSLF unastahili.

Dada, fanya hivi leo kabla hujaamua lolote. Chukua W-2 yako ya mwaka jana, ile karatasi ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri, tazama kisanduku b, pale kuna namba ya mwajiri, EIN. Ingia studentaid.gov, fungua chombo cha PSLF, ingiza ile namba. Itakuambia kama mwajiri wako anahesabika. Usitegemee jina lililoandikwa langoni, kwa sababu hospitali moja inaweza kuwa na kampuni kadhaa ndani yake, na anayekulipa mshahara ndiye anayeangaliwa. Halafu jaza fomu ya kuthibitisha ajira kila mwaka, na kila unapoacha kazi. Ukisubiri mpaka mwisho utatafuta sahihi za waajiri ambao huenda wamefungwa au wameuzwa.

Msafiri_RN
Mimi ni wa ajensi, nitasema ukweli. Hela ipo. Lakini ajensi nyingi ni kampuni za faida, na W-2 inatoka kwao, siyo hospitali unayohudumia. Unaweza kuuguza hospitali ya serikali mwaka mzima na PSLF usipate hata mwezi mmoja. Nurse Corps nao hawachukui nesi wa kusafiri wala wa kuitwa inapohitajika.

Ajensi inafaa mtu mwenye nidhamu ya chuma: aishi kama bado analipwa mshahara wa zamani, na tofauti yote aielekeze kwenye deni. Kwa 50,000 inawezekana bila kumngoja mtu. Mimi nilichagua hivyo kwa sababu deni langu karibu lote lilikuwa la benki, na sijutii. Kwa dada mwenye mkopo mkubwa wa serikali na mwajiri ambaye tayari hana faida, nisingeshauri.

lpn_Minnesota
Samahani kuingilia. Sisi LPN, manesi wa ngazi ya chini ya RN, tunaruhusiwa Nurse Corps?

MamaTumaini
Hapana mwanangu, ni RN, manesi wa ngazi ya juu kama NP, na walimu wa vyuo vya uuguzi. Lakini PSLF haiangalii cheo, inaangalia mwajiri na aina ya mkopo. LPN, CNA (msaidizi wa nesi), hata mpishi wa hospitali anaingia. Kama una mkopo wa Direct na mwajiri anahesabika, anza sasa.

Baraka_NP
Kwa wanaosoma kuwa NP: angalieni pia National Health Service Corps. Ni HRSA haohao, ila fedha zake hazitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, tofauti na Nurse Corps. Kwa upande wa uuguzi, mpango wa kawaida wa NHSC ni wa watu kama NP na wakunga wenye vyeti, lakini ule wa matibabu ya uraibu unachukua hata RN: hadi dola 75,000 kwa miaka mitatu. Ila NHSC inataka uraia wa Marekani, grini kadi haitoshi; dada, ukishapata uraia ndipo uiulize kliniki hiyo kama imesajiliwa NHSC na kama inatibu uraibu. Hutaweza kutumikia mikataba miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo chagua mmoja.

Na hospitali za maveterani zina mpango wao wa kulipia mikopo, EDRP, hadi dola 200,000 kwa miaka mitano, ila tangazo la kazi lenyewe liwe limetaja kwamba nafasi hiyo ina EDRP. Huko unalipa kwanza, ndipo wanakurudishia.

nesi_wa_usiku
Asanteni sana, nimepata mwanga. Nimetazama EIN, mwajiri wangu anahesabika. Nina maswali mawili. Nikienda kliniki, miezi yangu ya PSLF inapotea? Na kliniki wameniahidi bonasi ya kuanza kazi, nisaini?

Rehema_PSLF
Haipotei. Ulichokwisha kuhesabiwa kinabaki chako. Na kama kliniki ni ya kaunti au 501(c)(3), miezi ya kule inaendelea kuhesabiwa hata ukiwa ndani ya Nurse Corps, mradi uko kwenye mpango wa malipo unaokubalika. Ndiyo maana sipendi watu wanavyozilinganisha kana kwamba ukishika moja unaacha nyingine. Cha kujiuliza ni je, mwajiri huyu mmoja anafungua milango mingapi?

Angalia pia uko mpango gani wa malipo. Waliokuwa kwenye SAVE, mpango wa kulipa kulingana na kipato, walisimamishiwa malipo baada ya mahakama kuuzuia, na miezi ile ya kusimamishwa haihesabiki yenyewe kwa PSLF. IBR, ambao nao ni wa kulipa kulingana na kipato, unahesabika, na mpango mpya wa RAP, ambao kwa sheria ya 2025 tarehe yake ya kuanza ni Julai 1, 2026, nao unahesabika. Na tafadhali, usikubali benki ikuunganishie mkopo wa serikali na ule wa kwao kwa ahadi ya riba ndogo. Ukishatoka serikalini haurudi, na PSLF imekufa hapo.

MamaTumaini
Bonasi: usisaini kabla hujasoma kifungu chake. Kama kinasema lazima utumikie muda fulani la sivyo uirudishe, hilo ni deni la utumishi, na linaweza kukuondolea sifa Nurse Corps. Omba HR, ofisi ya wafanyakazi, wakuandikie masharti yake, kisha waulize HRSA kwa maandishi.

Dirisha la maombi hufunguliwa mara moja kwa mwaka na hukaa wiki chache tu, kwa hiyo karatasi ziandaliwe mapema. Kwa kila mkopo utatakiwa taarifa ya akaunti yenye jina lako, namba na salio la sasa, pamoja na ripoti ya lini mkopo ulitolewa na kiasi gani. Wa serikali unaipata studentaid.gov. Wa benki ndiyo huchelewesha watu, maana wahudumu wengi wa simu hawaijui ripoti hiyo. Omba kwa barua pepe na ueleze unataka tarehe ya kutolewa, kiasi cha mwanzo na aina ya mkopo. Kisha kuna fomu ya ajira ambayo mtu wa kliniki lazima aijaze kwenye mtandao wao. Mjue kwa jina, mpigie, mkumbushe. Maombi mazuri hufia mezani kwa HR.

Na ukishasaini mkataba, usihame kituo bila ruhusa yao. Ukiuvunja unarudisha walichokulipa pamoja na riba.

Kuomba ni bure, PSLF na Nurse Corps zote. Yeyote anayekupigia simu akitaka malipo ili "akuharakishie", kata.

Baraka_NP
Nyongeza kwa ule mkopo wa benki, ukiamua kubaki ulipo: muulize mwajiri wako kama ana mpango wa kusaidia mikopo ya masomo. Sheria inamruhusu kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na tangu 2025 ruhusa hiyo ni ya kudumu. Hospitali nyingi hazilitangazi, liko ndani ya kitabu cha marupurupu. Uliza kama fedha hizo unaweza kuzielekeza benki. Ikiwezekana, wa serikali uuachie PSLF.

nesi_wa_usiku
Nimewaandikia HR wa hapa na wa kliniki asubuhi hii nikitoka zamu. Ajensi nimewaambia hapana. Wakijibu nitaleta majibu yao hapa, hasa hicho kifungu cha bonasi, mnisaidie kukisoma.