Tupeane uzoefu: MJ wenzangu, mnawachezaje PNJ bila kuwaonea wachezaji?

Himbi, Goma

Habari za jioni ndugu zangu. Ninaongoza meza ya watu watano, kila Jumamosi mchana. Tunacheza mchezo wa kuigiza kisa kwa maneno na dadu, Dungeons & Dragons, ila ufalme wetu uko kando ya ziwa na mizigo yake hubebwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kwa walio wageni: MJ ni mwongoza mchezo, anayesimulia kisa; PNJ ni kila mtu wa kwenye kisa asiye na mchezaji, na MJ ndiye humsemea.

Jumamosi iliyopita nilikosea na bado inaniuma. Wachezaji walikaa nusu saa wakipanga namna ya kuingia ghala la forodha: mmoja ajifanye muuza sambaza, wengine wapitie nyuma. Nilikuwa nimeketi palepale, nasikia kila neno. Walipofika getini, mlinzi wangu akasema: "Funua beseni, na wale wenzako walio nyuma waite waje." Alijuaje? Hakujua. Mimi ndiye niliyejua. Dada aliyekuwa muuza sambaza akaweka penseli juu ya karatasi yake, polepole, akabaki anatazama taa ya sola. Hakusema tena mpaka tukaachana.

Nilimwendea kesho yake kumwomba radhi. Tangu hapo kila PNJ namwandikia mistari mitatu kabla wachezaji hawajafika: anataka nini, anajua nini, anaogopa nini. Yule mlinzi anataka zamu iishe, anazijua sura za wauza samaki wa pale, anaogopa kufukuzwa kazi. Kwa hayo tu angeuliza: "Mama, mbona wewe sijawahi kukuona hapa?" Swali kama hilo mchezaji anaweza kulijibu. Ninyi mnafanyaje?

Kadutu, Bukavu

Yaya, asante kwa kulisema wazi. Kosa langu lilikuwa kupenda. Nilikuwa na PNJ mmoja, mzee mganga, niliyemtunga mwenyewe kwa wiki nzima. Alitembea na wachezaji. Wakikwama, mzee anajua njia. Wakishambuliwa, mzee ana dawa. Kikao cha nne kijana mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa: "MJ, sisi tunafanya nini hapa?" Nilikaa kimya. Kikao kilichofuata mzee akaugua, wakambeba kwa machela siku mbili kwenye mvua, na hapo ndipo walipoanza kumpenda wao wenyewe.

Katuba, Lubumbashi

Mimi nisipokuwa na uhakika PNJ atafanya nini, naachia dadu. Sheria za zamani za D&D, zile za 1981, zina kitu kizuri sana: ukikutana na mgeni, MJ anatupa dadu mbili za kawaida. Ikitoka 2, anakuvamia papo hapo. 12, anakuwa rafiki. Kuanzia 6 hadi 8 bado hajaamua. Hesabuni wenyewe: njia ziko 36, na 16 kati yake zinaangukia hapo katikati. Maana yake wengi wanaokutana nanyi njiani wanangoja kuona mtasema nini. Kabla sijaijua hesabu hii, kila mtu wangu wa porini alikuwa jambazi!

Kuna na kipimo cha moyo, yaani ujasiri wa maadui. Wenzao wakianza kuanguka, unatupa dadu mbili. Zikizidi namba ya moyo wao, wanakimbia au wanasalimu amri. Zamani majambazi wangu walipigana mpaka wa mwisho, kama hawana mama nyumbani. Siku ya kwanza nilipotumia kipimo hiki, watatu walikimbia na mmoja akatupa panga chini akapiga magoti. Wachezaji walibishana saa nzima wamfanye nini. Leo huyo ndiye nahodha wa mtumbwi wao.

Nguba, Bukavu

Naongeza dogo. Haki ni pamoja na kukataa. Mchezaji wangu alipata 20 kwenye dadu ya pande 20, akataka chifu ampe ng'ombe wake wote. Nilimwambia 20 ni maneno matamu, si uchawi: chifu alicheka, akampa ndama mmoja na mahali pa kulala. Alinuna kidogo, kisha yule ndama akampa jina.

Himbi, Goma

Asanteni sana. Narudi na habari za Jumamosi hii. Geti lingine, mlinzi mwingine, muuza sambaza yuleyule. Mlinzi akauliza: "Mama, mbona wewe sijawahi kukuona hapa?" Dada akajibu haraka: "Dada yangu amejifungua usiku, nimeshika beseni lake." Nilitupa dadu mbili katikati ya meza, kila mtu aone. Nne na tano. Mlinzi akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, akapewa sambaza za kutosha mboga ya jioni, akageuka kutazama ziwa.