Mwenye kidonda anyimwe mayai na maharage?

Swali, kutoka Arua, Uganda
Habari zenu wakuu. Mgonjwa ni mama wa kilo 60, kidonda cha mguuni kina wiki 5. Kinasafishwa vizuri, hakinuki, ila kimepauka na nyama haijai. Anakula matoke na chai ya rangi tu, kwa sababu wazee wamekataza mayai na maharage wakisema yanaleta usaha. Apewe nini, na kiasi gani?

Jibu la 1
Poleni kwa kuuguza. Hao wazee wanampenda, lakini hapo wanamnyima kitu chenyewe cha kujengea nyama. Usaha huletwa na vijidudu, si yai.

Mwenye kidonda anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa huyu mama ni gramu 75 hadi 90. Sahani nzima ya matoke haifikishi hata 5! Kwa siku moja mpeni mayai 2 (gramu 12), maziwa nusu lita (16), maharage yaliyoiva kikombe kimoja na nusu (kama 20), mchuzi wa karanga zilizosagwa gramu 50 (12) na mukene (dagaa) mkavu gramu 30 (kama 17). Posho (ugali) au uji wa ulezi utajazia. Wala msimwondolee matoke: akikosa wanga wa kutosha, mwili huchoma hiyo protini kama kuni, na kidonda hakipati kitu.

Mukene ulioanikwa chini una mchanga. Uloweke kwenye maji ya moto, uoshe mara tatu, ukaushe, uukaange bila mafuta hadi uvunjike ukiubana kwa vidole, kisha utwangwe. Asiyeweza kumaliza sahani huwekewa kijiko cha unga huo kwenye mchuzi, kila mlo.

Jibu la 2
Naongezea mboga na matunda. Vitamini C ndiyo inayofunga nyuzi za nyama mpya, na moto huiua. Mapera 2 mabichi au kipande kikubwa cha papai kwa siku yanatosha. Dodo (mchicha) ipikwe dakika chache na maji yake yasimwagwe. Tieni mafuta kidogo, la sivyo vitamini A haifyonzwi vizuri. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, ndipo madini ya zinki yapatikane kwa urahisi. Chai ya rangi ikae mbali na chakula, walau saa moja, kwani inazuia madini ya chuma. Vidonge vya zinki msinunue kiholela: vikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba mwilini.

Jibu la 3
Yote sawa, lakini wiki 5 mguuni ni nyingi. Apimwe sukari, na mishipa ya damu ya mguu iangaliwe. Sukari ikiwa juu, protini hiyohiyo iendelee. Kinachopunguzwa ni soda, sukari ya chai na ukubwa wa sahani ya posho. Kama figo zina shida, kiasi cha protini kipangwe na daktari kwanza.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nitajuaje kama chakula kinafanya kazi?

Jibu la 1
Tazama sakafu ya kidonda kila mkibadilisha bandeji. Nyama mpya ni nyekundu, ina unyevu na vichembe vidogo vidogo. Pimeni upana kwa rula mara moja kwa wiki, muandike. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto, au homa ikipanda, msingoje wiki iishe. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.