Shule ya Serikali iliyofaulisha watoto 22 kati ya 23: je, inatosha kunishawishi? (Lubumbashi)

Mama wa Kampemba

Salamu kwenu wazazi na walimu. Mume wangu amehamishiwa Lubumbashi kikazi kutoka Likasi, na tumepata nyumba katika komine ya Kampemba. Watoto wamebaki Likasi kwa nkambo (bibi) yao ili wamalize mwaka wa masomo, lakini kuanzia mwezi wa 9 watasoma hapa. Binti yetu anamaliza mwaka wa 8 na anataka kuingia umanite, yaani miaka minne ya mwisho ya sekondari, katika opsyo (mchepuo) ya sayansi. Mdogo wake atafanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na Mungu akipenda ataanza mwaka wa 7. Hatuna uwezo wa kulipia watoto wawili katika shule ya mtu binafsi, kwa hiyo tunatafuta shule ya Serikali, iwe inaongozwa na Serikali yenyewe au na kanisa kwa mkataba.

Tumebakiwa na shule mbili ambazo sitazitaja. Ya kwanza iko katikati ya mji, na ili kuifikia watoto watapanda teksi-basi mbili. Mwaka jana, katika opsyo ya sayansi, watoto 23 walifanya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza umanite, na 22 wakafaulu. Karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni, kila mgeni aione kabla hajasalimiwa. Ya pili iko karibu nasi, mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Katika opsyo hiyo hiyo walifanya 61 wakafaulu 43. Mume wangu anasema hesabu hiyo haihitaji mjadala, nasi tungekuwa tumekwisha kujiandikisha katika shule ya kwanza kama si jambo moja lililonisumbua: nilipoomba kuona darasa lenyewe, niliambiwa nirudi wakati wa kuandikisha, nikiwa na pesa. Katika shule ya pili niliona vioo vilivyovunjika na darasa lenye watoto karibu 60, lakini Bwana Prefe, yaani mkuu wa shule, alikaa nami karibu saa nzima akijibu kila nililomuuliza.

Ninaomba mnisaidie. Mzazi asiye mwalimu ataipimaje shule kabla ya kuikabidhi watoto wake, na ile asilimia ya waliofaulu ina uzito gani hasa?

Mwalimu Mstaafu, Katuba

Mama, nimefundisha hisabati miaka 31 katika shule za Serikali, na miaka ya mwisho nilikuwa prefe, kwa hiyo ninayokueleza niliyaona nikiwa ndani. Asilimia ya waliofaulu inahesabiwa juu ya watoto walioandikishwa kwenye mtihani. Haisemi lolote juu ya wale waliokuwa darasani miaka mitatu kabla yake, wakaondolewa njiani. Kuna shule ambazo, mtoto akionekana dhaifu katika mwaka wa 3 wa umanite, mzazi wake huitwa na kushauriwa kwa maneno laini ampeleke kwingine, au abadili opsyo, ili asije akaharibu matokeo. Mtoto huyo atafanya mtihani katika shule nyingine, na akishindwa, kushindwa kwake kutaandikwa huko.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni hili: wale 23 walipoanza mwaka wa 1 wa umanite katika opsyo hiyo, darasa lilikuwa na watoto wangapi? Uliza vivyo hivyo katika shule ya pili. Hesabu hiyo haitakuwa kamili, kwa sababu wapo wanaorudia mwaka, wapo waliofuata wazazi wao Kolwezi kwenye kazi za madini, na wapo wanaoacha masomo kwa kukosa pesa, jambo ambalo si kosa la mwalimu. Lakini darasa likipungua hata kubaki robo yake, mtu anapaswa kukueleza wale wengine walikwenda wapi.

Kisha usitazame tu nani amefaulu. Tazama amefaulu kwa ngapi. Mtihani wetu wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, unapitisha mtu kwa asilimia 50, na matokeo yanaonyesha asilimia ya kila mtoto. Shule ambayo watoto wake wengi wamesongamana kati ya 50 na 53 haiko sawa na ile yenye watoto waliotawanyika hadi 65 au 70, hata kama zote mbili zimefaulisha idadi ile ile. Tena usitazame mwaka mmoja. Omba miaka mitatu au minne mfululizo, kwa maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati, au wa jambo baya zaidi ambalo sote tunalijua, yaani udanganyifu, na ambalo halimfundishi mtoto chochote.

Mtihani wenyewe, katika zile siku 4 za kawaida, ni wa kuchagua jibu miongoni mwa yaliyotolewa. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu hutumia mwaka mzima wa 4 kuwakaririsha watoto maswali ya zamani, yale tunayoyaita itemu. Mtoto anafaulu, anafika chuo kikuu, na hawezi kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka wala kueleza amefikaje kwenye jibu. Niliwapokea vijana wa namna hiyo kwa masomo ya jioni, wengine wakiwa na diploma ya Mtihani wa Serikali mkononi, na bado inaniuma.

Mambo mawili ya karatasi, kwa haraka. Uliza kama opsyo ya sayansi yenyewe ina kibali cha Serikali, kwa sababu shule inaweza kuwa na kibali cha opsyo moja ikaongeza nyingine bila ruhusa, na hapo watoto huandikishwa kwa jina la shule nyingine wakati wa mtihani. Ukisitasita, ofisi ya Proved, mkurugenzi wa elimu wa jimbo, itakujibu. La pili, uliza ni walimu wangapi wanaolipwa na Serikali na wangapi bado ni NU, yaani wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu wa NU anaishi kwa primu pekee, yaani malipo yanayochangwa na wazazi, na primu ikichelewa atakwenda kutafuta mkate mahali pengine. Simlaumu hata kidogo, lakini binti yako atakaa bila fizikia.

Papa wa Kamati ya Wazazi

Ninamheshimu Mzee Mwalimu, na ninakubaliana naye kuhusu kuhesabu tangu mwaka wa 1. Ila ningependa tusije tukamfanya mama huyu aidharau asilimia kabisa. Nimekuwa katika kamati ya wazazi ya shule moja ya Serikali hapa mjini kwa miaka 6, na nimesikia viongozi wakijitetea kwa maneno kwamba wao hupokea watoto wote, wa maskini na wa mbali, na kwamba kwa hiyo matokeo mabovu ni ya kawaida. Mtoto wa maskini ndiye anayeihitaji diploma kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa baba yake hana wa kumpigia simu. Kama katika shule ile ya pili watoto 18 wameshindwa, mwulize Bwana Prefe wameshindwa kwa nini, na amebadilisha nini tangu hapo. Kiongozi anayeijua kazi yake atakutajia masomo waliyoanguka na mwalimu aliyekosekana. Akikujibu kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, muage kwa heshima.

Kuhusu pesa, elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi tu, na tangu mwaka wa 7 mtaanza kulipa. Viwango vya shule za Serikali hutangazwa kwa uamuzi wa gavana wa jimbo, na shule ina wajibu wa kukuonyesha karatasi hiyo. Ile inayoleta tabu ni michango inayoongezwa baadaye, wa madawati, wa ukuta, wa sikukuu ya shule, ambayo mara nyingi huja bila stakabadhi. Uliza pia mtoto ambaye hajamaliza kulipa hutendewa vipi. Zipo shule zinazomrudisha nyumbani kila Jumatatu mpaka alipe, na nimeona mtoto mwenye akili akipoteza majuma matano katika muhula mmoja kwa njia hiyo. Zipo nyingine zinazomwita mzazi, zinakubaliana naye tarehe, na mtoto anaendelea kusoma. Kwenu ninyi wenye watoto wawili na mshahara mmoja, tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya asilimia.

Na nikuachie njia niliyoitumia mwenyewe nilipomtafutia kijana wangu shule. Tafuta mtoto wa jirani anayesoma pale, umwombe kaye (daftari) zake za hisabati, kemia na Kifaransa, kisha usome tarehe za masomo tu. Niliona kaye ya kemia iliyoruka kutoka mwezi wa 11 hadi mwezi wa 2, na hakuna maelezo ya prefe yeyote yaliyonishawishi baada ya hapo. Angalia pia wino mwekundu: kama mwalimu hajasahihisha tangu mwaka uanze, utaona mwenyewe.

Dada wa Ruashi

Mama, nilimaliza umanite miaka miwili iliyopita katika shule ya Serikali, na sasa niko UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakubwa wamesema mengi kuhusu mtihani, mimi nitasema juu ya binti yako. Uliza atasoma zamu gani. Shule nyingi za Serikali hapa zina zamu mbili katika majengo yale yale, na zamu ya mchana hutoka karibu saa 11 na nusu jioni. Katika mwezi wa 6 jua huzama muda mfupi baada ya hapo. Binti anayesimama peke yake gizani akisubiri teksi-basi ya pili yuko katika hatari ambayo mvulana wa rika lake hakutani nayo mara nyingi, na mimi niliwahi kutembea kilomita kadhaa kwa sababu magari yote yalikuwa yamejaa. Mwaka ule nilishuka nafasi 11 darasani, na hakuna mwalimu aliyejua kwamba sababu ilikuwa barabara.

Jambo jingine ni choo. Omba kwenda chooni siku utakapotembelea shule, usiulize tu kama kipo. Tazama kama cha wasichana kiko mbali na cha wavulana, kama mlango unafungwa kwa ndani, na kama kuna maji. Tulikuwa wasichana 4 tuliokuwa tukikosa masomo siku mbili au tatu kila mwezi, na katika daftari la mahudhurio tuliandikwa watoro.

Mama wa Kampemba

Nimerudi kuwashukuru, na kuwaeleza nilichokiona, kwa sababu juma hili lote nimezunguka.

Katika shule ya mjini walikataa kunionyesha daftari la mwaka wa 1. Kwa bahati jirani yetu ana kijana aliyeanza pale pamoja na wale 23, naye anakumbuka kulikuwa na madarasa mawili ya sayansi, kila moja likiwa na watoto zaidi ya 40. Yeye mwenyewe alishauriwa kuondoka mwishoni mwa mwaka wa 3, akiwa na asilimia 54. Kwa hiyo, hata nikiacha nafasi ya waliohama na waliokosa pesa, waliofaulu ni takriban robo ya walioanza. Mume wangu alimsikiliza kijana huyo hadi mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Katika shule ya karibu, Bwana Prefe alifungua daftari mbele yangu: walianza 80, wakafaulu 43. Nilimwuliza juu ya wale 18, kama Papa wa Kamati alivyonielekeza, na akasema bila kuzunguka kwamba wengi walianguka katika hisabati na fizikia, kwa sababu mwalimu wao aliajiriwa na kampuni ya madini katikati ya mwaka na nafasi yake ilikaa wazi miezi miwili. Sasa yupo mwalimu mwingine, lakini bado ni NU. Kaye za mtoto wa mtaani kwetu zina tarehe zinazofuatana, isipokuwa katika fizikia, na zimesahihishwa. Kibali cha opsyo kipo, nimekiona. Choo cha wasichana kina milango, hakina maji. Wanachota kwa ndoo kwenye kisima cha jirani. Umanite wanasoma asubuhi, mwaka wa 7 na wa 8 mchana, maana yake ni kwamba mdogo ndiye atakayerudi jioni, ila kwa miguu, pamoja na watoto wengine wa mtaa wetu.

Tumeamua kuwaandikisha wote wawili hapo. Kilichobaki kunisumbua ni huyo mwalimu wa fizikia. Mzee Mwalimu, je, kuna lolote ambalo wazazi wanaweza kulifanya ili asiondoke kama mwenzake?

Mwalimu Mstaafu, Katuba

Lipo, Mama, ingawa halina uhakika. Ombeni katika mkutano wa kwanza wa wazazi kwamba primu ya walimu wa NU itolewe kabla ya matumizi mengine yote ya shule, tena kwa tarehe inayojulikana, na kamati ikague kila mwezi kama imetolewa. Katika shule yangu hatukuwaongezea hata faranga moja, tuliwalipa kwa wakati tu, na kati ya walimu wangu 5 wa NU, wanne walibaki hadi walipoingizwa kwenye orodha ya Serikali. Prefe aandike pia kwa Proved kila mwaka kuulizia faili la mwalimu huyo, na wazazi waombe kuiona nakala ya barua. Na huyo kijana wa jirani yenu aliyeondolewa akiwa na asilimia 54, kama bado hajapata shule, mwambie Bwana Prefe huyo huyo habari zake.