Tupeane uzoefu: umaskini ulikufanya nini darasani?

Wakuu, ada ya sekondari za serikali ilifutwa Januari 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 wakaongezwa wa tano na sita. Michango haijaisha. Nafundisha msingi huku Tandahimba, na wale tunaowaita "wazito", ukiwadadisi taratibu, wengi wana njaa au mawazo ya nyumbani. Ya sare na madaftari tunayajua. Nisimulieni ya kichwani: aibu, woga.

Mbagala: Mwanafunzi nauli yake ilikuwa 200, konda anamtaka mtu mzima. Nilikuwa naachwa kituoni magari matatu, manne. Nikifika nachapwa kwa kuchelewa, mikono inatetemeka hadi kipindi cha pili. Cha kwanza kilikuwa Hisabati. Nyumbani wanasema sina akili ya hesabu. Akili ipi jamani, wakati zinafundishwa mimi niko kituoni!

Shinyanga: Kwetu majina ya wadaiwa yalisomwa mstarini mbele ya shule nzima. Nikaacha kunyoosha mkono hata jibu nikilijua. Ukinyoosha mwalimu anakuona, akikuona anakumbuka deni. Ripoti ikaandikwa "hashiriki darasani".

Tanga: Tumbo liliniuma kila Jumatatu. Zahanati wakapima, hawakuona kitu. Jumatatu ilikuwa siku ya kukagua viatu.

Dodoma: Mnawadekeza watoto. Sisi tulisomea kibatari na tukafaulu.

Mleta mada: Mkuu wa Dodoma, heshima yako. Darasa lenu mlikuwa wangapi, na mliovuka mlikuwa wangapi? Wale wengine hawapo hapa kutusimulia.

Kigoma: Nililelewa na bibi. Usiku alikuwa anaongea peke yake, anapanga kesho tutakula nini, na mimi macho makavu namsikiliza. Darasani nasinzia, naambiwa mvivu. Alipoingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hela haikuwa nyingi, ya daftari na unga basi, ila usiku akaanza kunyamaza, nami nikapata usingizi. Darasa la saba nikachaguliwa. Watu walisema nimebadilika tabia!

Mleta mada: Kigoma umenigusa, aisee. Sasa msaada wenu: shuleni kwetu tunataka kuanza makande ya mchana. Wazazi mahindi na kunde wanayo, fedha taslimu hawana. Waliofanikiwa, mlipokea kwa debe au kwa kilo, na kuni alileta nani? Halafu yule asiye na hata mahindi mlimwandikaje bila kumsoma jina?